Tupeane uzoefu: nani amewahi kusikia sanamu ikilia?

Wapendwa, hamjambo? Jumamosi dada yangu alinipeleka kwenye onyesho katika nyumba moja ya sanaa huku Lavington. Nilijua tunaenda kutazama sanamu, basi. Tukakuta mapipa matatu ya mafuta yaliyokatwa, yananing'inia kwa waya, na msanii ameketi sakafuni na kompyuta yake. Viti hakuna. Alipoanza nilisikia mvumo tu, kama jenereta ya jirani stima zikipotea. Dakika kumi zikapita, mvumo ni ule ule. Nikaanza kuangalia mlango.

Miguu ndiyo iliyoniokoa. Ilichoka, nikajisogeza kuegemea pembe ya ukuta, na pale pale ule mvumo ukanijaa kifuani. Nikapiga hatua mbili mbele, haupo. Nikarudi nyuma, huo hapo! Msanii alitueleza baadaye: sauti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake. Kuna mahali yanapeana nguvu, hasa pembeni, na kuna mahali yanauana. Kumbe muda wote nilikuwa nimesimama pakavu. Na kinachoniuma ni kwamba mlinzi alikuwa ametuamuru tusivuke mstari; hakuna aliyetuambia kwamba kazi ile husikilizwa kwa kutembea.

Mwishoni alituruhusu kugusa. Ndani ya mapipa hamna spika. Nyuma ya kila pipa amebandika kidude kidogo kinachotetemesha chuma chenyewe, kwa hiyo pipa ndilo linalosema. Niliweka kiganja: baridi, na vidole vinawasha kama umeshika ubavu wa matatu injini ikinguruma.

Haya, na nyinyi je?

MAMA WA BURUBURU: Mwanangu wa miaka tisa ni kiziwi. Nilisita kumpeleka kwenye onyesho kama hilo, nikiogopa atakaa tu akitazama nyuso za watu. Alivua viatu, akalala chali kwenye sakafu ya mbao. Baada ya muda akanionyesha kwa mikono: "mvua". Kisha akaonyesha kidole sanamu iliyokuwa kona ya mbali, na sisi wenye masikio bado hatujajua kwamba imeanza. Nilimlalia kando, mtandio na yote. Ilikuwa mvua kweli, ile ya kwanza ya mwezi wa nne.

MSIKILIZAJI: Naona watu wakisema sanaa ya sauti ni mambo ya kuletewa kutoka nje. Mwaka 1944 huko Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi zaar, ngoma ya kupunga pepo, kwa mashine inayonasa sauti kwenye waya, akaenda studio ya redio akaibadilisha mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye wengi humtaja kuwa mwanzilishi, alianza yake Paris mwaka 1948. Na tuna KMRU, msanii wa sauti aliyezaliwa hapa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru, aliyerithi jina la babu yake. Hurekodi sauti za mahali alipo na kuzifuma taratibu. Msikilizeni usiku, taa zimezimwa.

FUNDI KAMUKUNJI: Mimi natengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi. Bati nalijua kwa sikio: geji 28, lile nene, ukiligonga linajibu kwa uzito; geji 32, lile jembamba, linapayuka. Siku moja alikuja msanii, akashinda kibandani kwangu mchana kutwa akigonga karatasi moja moja kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza. Alichukua nne, moja ikiwa na mbonyeo niliyoona aibu kumuuzia. Akasema hiyo hasa ndiyo anayoitaka.

Alinialika kwenye onyesho lake. Mlangoni niliulizwa nimeleta mzigo gani, nikaonyesha mwaliko. Ndani kulikuwa na giza na watu wengi, sioni kitu. Lakini lilipopigwa la tatu nilishtuka. Lile la mbonyeo: linaanza vizuri, halafu katikati linakwaruza kidogo, kama mtu mwenye kohozi. Miaka kumi na tisa nagonga mabati, sijawahi kusikia watu mia wakinyamazia bati langu.

MIMI TENA: Fundi, Alhamisi nitakuwa Gikomba, hapo jirani. Nikipita kwako utanigongea hayo mawili, 28 na 32, nisikie? Mama, tukikubaliana saa, mlete na kijana.