Mrejesho: kamera ya MiniDV (kamera ya video inayotumia kanda ndogo za dijitali) imesomeka

Niliuliza kwa nini kompyuta inaitambua kamera kwa USB lakini programu ya kuhariri haioni video. Waliosema kosa ni waya walipatia. USB ya kamera hii hutoa picha mnato za kwenye kadi ya kumbukumbu tu. Video ya kanda hupitia tundu la DV, yaani FireWire, aina nyingine ya kiunganishi tofauti na USB. Imebidi kufunga ndani ya kompyuta kadi yenye tundu la FireWire na kutumia waya wa pini 4 upande wa kamera, pini 6 upande wa kompyuta. Chomekeni vifaa vikiwa vimezimwa: pini 6 hubeba umeme, na kichwa kikilazimishwa kinyume kinaweza kuunguza tundu. Swichi ya kamera iwe kwenye kucheza kanda. Ikiwa kwenye kurekodi, kinachoingia ni kile lenzi inachokiona wakati huo.

Likabaki tatizo moja ambalo hakuna aliyeligusa: uhamishaji wa video ulikatika kila ukifika kama dakika 19. Diski ya kompyuta ilikuwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao faili moja haivuki GB 4, na video ya DV hula takriban GB 13 kwa saa. Nimeifomati upya kuwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho (hamisheni mafaili kwanza, maana hufuta vyote) na kanda ya dakika 60 imeingia nzima.