Majirani Namakwekwe: Wanale Jumamosi

Mama Halima: Majirani, watoto wanataka kupanda Wanale, ule mlima wa hapa Mbale, kuona maua. Mvua za Machi zimeshashika. Jumamosi inafaa?

Baba Musa: Inafaa, Mama Halima, ila saa kumi na mbili asubuhi muwe mmeanza kupanda. Mchana joto la bondeni linapandisha mawingu hadi ukingoni, na ikifika saa nane radi zinaanza. Huko juu ni wazi, usimkinge mtoto chini ya mti uliosimama peke yake.

Dada Nambozo: Mjini tuko mita 1,100 na kitu, juu ni zaidi ya 2,000. Mkiwa na watoto, tengeni muda wa saa nne za kupanda. Maji lita mbili kila mtu mzima, ndizi, karanga, mihogo ya kuchemsha. Na sweta, jasho likikauka juu baridi inaingia.

Mama Halima: Maua yako wapi hasa?

Dada Nambozo: Penye unyevu, kando ya vijito. Kwenye nyasi angalieni lile jekundu, petali zimepinduka juu kama ndimi za moto, kingo zake njano. Ncha ya jani imejikunja kama uzi, inang'ang'ania majani ya jirani. Zuri mno! Lakini mmea wote una sumu, kiazi chake ndiyo mbaya zaidi. Watoto wasichume wala kutia mdomoni.

Baba Musa: Hatari kubwa ni kushuka. Ule udongo ukilowa unateleza kama sabuni, na magoti yameshachoka. Shukeni kiubavu, hatua fupi, fimbo itangulie. Gambuti zilizolika soli ziacheni nyumbani.

Ssenga Aisha: Maporomoko yana maji mengi sasa, na mawe ya pembeni yana utelezi wa kijani. Picha zipigwe mbali na ukingo, tafadhali sana.

Mama Halima: Na pango la Khauka?

Baba Musa: Liko ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon. Pitieni ofisi ya UWA, Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, mjini Ijumaa, mlipe kiingilio na mwombe mtu wa kuwaongoza. Bebeni tochi.

Dada Nambozo: Kukipambazuka kweupe, tazameni kusini: jiwe la Tororo, kile kilima cha mwamba, linaonekana. Saa nne ukungu unaweza kuwa umeshalifunika.

Mama Halima: Ahsanteni. Nani ana fimbo mbili za ziada?