Mshipa wa mguu kwenye baipasi, kwa nini hawataki upimwe kwa presha?

Kijana wa Thieta: Wakuu habari zenu. Niko rotesheni ya upasuaji wa moyo, kwenye baipasi, yaani mshipa wa mguuni unapandikizwa moyoni damu ipite kando ya palipoziba. Bosi wetu mshipa ukishatolewa mguuni hataki kabisa mtu aujaze maji kwa nguvu kuangalia kama unavuja, na hataki ukae kwenye maji ya chumvi, anataka damu ya mgonjwa mwenyewe yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Sasa kama haujapasuka shida iko wapi?

Mzee wa Nyuzi: Shida iko ndani, huioni kwa macho. Kule kuna tabaka moja tu la seli, endotheliamu, ndiyo inatoa nitriki oksaidi inayolegeza mshipa na kuzuia pleteleti (chembe za kugandisha damu) zisishikane. Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba mshipa uliokwanguliwa hizo seli ukiuwekea asetilikolini, kemikali ambayo kwa kawaida huulegeza, haulegei tena, unajikaza, na 1998 wakampa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Sasa vena imezoea presha ndogo, wewe ukisukuma bomba la sindano kwa mkono unaweza kuvuka presha ya 300 mmHg bila kujua, seli zinabanduka, damu inaganda pale palipobaki wazi, na hata isipoganda misuli ya ukuta inaota kuelekea ndani mshipa unaziba polepole. Maji ya chumvi nayo yana asidi na hayana bafa (kitu cha kutuliza asidi), yako mbali na pH 7.4 ya damu.

Mzee wa Nyuzi: Halafu kasome mbinu ya Souza wa Sweden, mshipa unatolewa na mafuta yake yanayouzunguka, hauvutwi hauguswi. Unadumu vizuri ila kidonda cha mguu kinasumbua, hilo wengi hawalisemi.

Dada wa Pampu: Nyie mnaongelea mguu tu jamani, na mishipa ya moyo wenyewe je? Klempu iliyobana mshipa mkuu wakati moyo umesimamishwa ikiachiwa, oksijeni inarudi kwa kishindo, zinazaliwa radikali huru (molekuli haribifu) zinakula nitriki oksaidi yote. Na mashine inayosukuma damu badala ya moyo ikipasua chembe nyekundu, himoglobini inayozurura nayo inainyonya. Ndo maana nagombana na watu wa saksheni (bomba la kufyonza damu) kila siku, punguzeni nguvu!

Kijana wa Thieta: Asanteni aisee. Na statini (dawa za kushusha kolesteroli) je, tukimpa mgonjwa siku chache kabla ya upasuaji haisaidii hizo seli za ndani?

Mzee wa Nyuzi: Kwenye makaratasi inapendeza, ila kwenye jaribio kubwa lililotoka 2016, rosuvastatini, mojawapo ya statini, haikuzuia mapigo ya moyo kwenda mrama baada ya upasuaji, na figo ziliumia zaidi. Aliyekuwa anameza tayari aendelee, usimwanzishie mtu kwa ajili hiyo tu.