Kutoa klorini kwenye maji ya bomba ya akwariamu

Mdau wa Shangani, Mtwara: Wakuu, akwariamu yangu ni lita 100. Kila nikibadilisha maji, samaki wanapanda juu kuhema. Bomba linanuka dawa. Nifanyeje?

Fundi Filta: Klorini inaunguza matamvua ya samaki. Kinga maji kwenye beseni pana, weka pampu ya hewa saa 24. Bila pampu, saa 48. Funika kwa chandarua, mbu wa huku unawajua. Badilisha robo tu.

Lindi Samaki: Una haraka? Tumia kemikali ya sodiamu thayosalfeti, gramu 1 kwa lita 100, inamaliza klorini ya miligramu 1 kwa lita papo hapo. Kama dawa ya bombani ni kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia), kuyaacha maji wazi hakusaidii.

Fundi Filta: Sponji ya filta usiioshe bombani! Bakteria wa sponji wanaoondoa amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki) wakifa, amonia inapanda. Isuuze kwenye maji uliyoyatoa akwariamu.