Ekari 14 za Muheza na majani yanayonishinda: trekta, au ile mashine ya kukalia?

Dada wa Chumbageni, niko Reading, Uingereza:

Assalaam aleykum wana-Tanga wenzangu, habari za baridi.

Jamani nisaidieni mawazo. Marehemu baba katuachia shamba upande wa Muheza, ekari 14, nane michungwa, nne minazi mizee ya enzi za babu, mbili zilobaki ni pori na kipande tulichojenga kibanda. Mjomba ndo anaangalia. Masika yakipita majani yanafika kifuani, nalipa vijana wanafyeka kwa makwanja, wakifika kona ya mwisho kona ya kwanza ishaota tena, basi kila mwezi simu, "mwanangu, vijana wanataka hela yao". Mwaka huu nimechoka mwenzenu. Hapa kazini kuna bwana anauza mashine ya kukata majani ile ya kukalia kama kigari, pauni 900, nimeiona ikikata bustani yake mpaka raha, imebaki kama zulia. Na nafasi kwenye kontena la shemeji ninayo, linaondoka mwezi wa tatu. Mume wangu yeye hataki, anasema tujibane tununue trekta kabisa hata la zamani. Mfuko wetu hauzidi pauni 4,500, usafiri humo humo. Nifanyeje?

Kaka wa Ngamiani, Leicester:

Waaleykum salaam dada, pole na msiba wa baba. Hiyo mashine usinunue. Ngoja nikueleze maana mie nimeshaumwa na huyo nyoka.

Miaka kama minane nyuma nilinunua ya hivo hivo, nikaipakia, ikafika shamba letu la njia ya Pangani, minazi mitupu. Kijiji kizima kikaja kutazama, mpwa wangu akavaa na miwani ya jua ndo akakalia. Siku ya kwanza akakata pale mbele ya nyumba, kweli zulia, nikatumiwa video nikajisikia bwana shamba. Siku ya tatu akaingia chini ya minazi. Dada, chini ya minazi kuna nini? Kuna makumbi, kuna vifuu, kuna makuti yaloanguka tangu mwaka juzi majani yakayafunika. Akanipigia kwa video, kalala chali chini ya mashine, anachomoa nyuzi za makumbi zilizojisokota kwenye ule mhimili wa kisu kama mtu anasuka kamba, anavuta haziishi. Mkanda ushakatika. Fundi akamfungia mkanda wa mashine ya kusaga unga, saizi siyo, ukatoa moshi nusu saa ukaisha. Nikatuma mkanda wenyewe kutoka huku na mtu anayesafiri. Wiki haikwisha akapanda kisiki kilichokuwa ndani ya majani, sahani lote la chini likapinda na mhimili ukapinda, na hapo ndo ikawa mwisho wa habari. Sasa hivi kuku wanaatamia chini yake.

Kosa halikuwa la mashine. Ile kitu imetengenezwa kukata majani ambayo tayari ni bustani, yaani yanakatwa kila wiki. Kisu chake hata ukikipandisha juu kabisa kinaishia inchi 4 hivi, sasa majani ya kifuani yakiingia humo yanabana tu. Halafu kisu kimefungwa kikakazwa, kikigonga kisiki mshindo wote unarudi kwenye mhimili na injini. Slasha ya trekta, ile ya kufyekea inayofungwa nyuma, visu vyake vinaning'inia kwenye bolti, kikigonga kitu kigumu kinajikunja nyuma halafu mzunguko wenyewe unakinyoosha. Na jingine, zile za bei poa nyingi gia yake ni ya mafuta na imezibwa kiwandani, haikutengenezwa kufunguliwa. Kwenye bustani tambarare ya Reading inakaa miaka, ukiipandisha kilima na kuifungia katela ka machungwa kwa jua letu lile inapata moto inachoka, na fundi hana cha kugusa.

Haya, trekta. Mumeo hajakosea sana ila apige hesabu. Slasha ya futi 5, yaani mita moja na nusu, trekta la HP (nguvu za farasi) 35 mpaka 40 linaizungusha bila kulia. Ukienda kilomita 5 kwa saa, ukatoa muda wa kugeuza na kukwepa miti, unakata ekari moja na nusu kwa saa. Ekari 14 ni kama saa tisa, kumi. Tuseme siku mbili kwa kujivuta na chai ya saa nne. Ukifyeka mara nne kwa mwaka ni siku nane. Siku 357 zilobaki trekta linafanya nini? Utasema litakodishwa, lilimie watu Handeni, livute tela. Sawa, lakini weye uko Reading, mjomba mtu mzima, na trekta la kukodisha ambalo mwenyewe hayupo ni sadaka. Dereva atakwambia kalima ekari tatu, dizeli itasema kalima nane. Nasema kwa uchungu.

Ila kama mmeshaamua, basi Massey Ferguson 135 na msihangaike na jingine. Zimetengenezwa Coventry, hapo nusu saa kutoka kwangu, kuanzia 1964 mpaka 1975, injini ya Perkins ya silinda tatu, HP 45 hivi. Kile kiwanda cha Banner Lane kilifungwa 2002 lakini spea mpaka leo unapata, maana India na Pakistan wameendelea kuunda Massey za ukoo huo huo. Fundi wa Muheza anaifungua kama anamenya chungwa. Na ni fupi, inapita chini ya matawi ya michungwa, matrekta makubwa yenye paa yanavunja matawi yote. Bila kabini inaingia kontena la futi 20, mlango wake una kimo cha mita 2.28.

Ukienda kuitazama fika asubuhi na mapema, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, shika injini kwa mkono kama ni ya baridi kweli. Ikiwaka kwa shida na moshi mweupe usioisha, ondoka. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia. Funga kitu kizito kwenye mikono ya nyuma, inyanyue, zima injini, kanywe chai urudi uone kama imeshuka. Halafu ile shafti ya PTO inayozungusha slasha lazima iwe na kava lake la plastiki, nalisema hili kwa herufi kubwa, SHAFTI BILA KAVA USIKUBALI, inazunguka mara 540 kwa dakika na sisi kwetu mtu anaingia shamba na kikoi, na kina mama na kanga zao. Ikishika upindo wa nguo haisubiri mtu apige kelele.

Kuna na zile ndogo za Kijapani, Kubota, Yanmar, Iseki, HP 20 hivi, nzuri sana na kiwese zinanusa tu, ila maandishi yote ni Kijapani na spea lazima umpate mwenye modeli yako ile ile.

Ushuru: trekta la kilimo ushuru wa forodha kwa nchi za Afrika Mashariki ni sifuri, lakini sifuri siyo bure. Kuna gharama za bandari, za meli, za wakala, na likikaa bandarini siku zinahesabiwa. Na mashine ya kukata majani wao hawaiweki fungu la matrekta, lile namba yake ya forodha ni 8701, hii iko 8433, kwa hiyo usidanganywe kuwa "yote ni ya kilimo". Muulize wakala kabla ya kupakia.

Massey 135 nilizoziona mie zilizo hai zilikuwa kati ya pauni 3,000 na 5,000. Ongeza slasha, ongeza nauli. Kwa hiyo 4,500 kila kitu humo haitoshi dada, nakwambia mapema msije mkaishia kununua chuma cha mapambo.

Mwana Makorora, Toronto:

Kaka hao kuku wanataga mayai mangapi kwa wiki, tupate hesabu ya faida 😂 samahani dada, sina ushauri, nasoma tu.

Mzee wa Raskazone, nimesharudi nyumbani:

Wanangu, mimi niko hapa hapa Tanga naandika huku naangalia bahari, na michungwa yangu iko Muheza kama ya binti yetu. Kaka kasema vizuri ila kaegemea chuma sana.

Binti, michungwa mizizi yake inayokula iko juu juu. Watu wanaleta trekta na haro, yale masahani ya kuvurugia udongo, wanachimbua katikati ya mistari, shamba linang'aa kama uwanja wa mpira, mwaka unaofuata wanalia machungwa madogo. Wamekata mizizi. Kwa hiyo majani ya kwenye michungwa kata, usichimbue, na yakishakatwa yaache hapo hapo yalinde unyevu, ila yasigusane na shina.

Mimi natumia brashikata mbili, yaani mashine za kufyekea za mgongoni, zenye kisu cha chuma, siyo ile kamba ya plastiki, hiyo kwa majani yetu ni mchezo. Kijana mmoja anayeijua anatembea mstari mpaka mwisho akirudi na mwingine. Ubaya wake ni miwili. Wa kwanza, injini zile nyingi zinakula petroli iliyochanganywa na oili ya tuu-stroku, yangu imeandikwa 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli na mililita 100 za oili. Kijana akikosa oili anatia petroli tupu, inawaka vizuri tu, inalia vizuri tu, halafu inakamata na hapo pistoni imekwisha. Mimi sasa nachanganya mwenyewe kwenye dumu jekundu, petroli tupu haiingii shambani kwangu kabisa. Wa pili, kisu kikimgusa mchungwa kinavua ganda, na ganda likitoka mzunguko mzima mti huo umekufa hata ukiutazama leo wa kijani. Kwa hiyo hatua moja kuzunguka kila shina ni kwanja na mkono, na kijana anajua akimvua mti mmoja namkata hela.

Minazi usiifyeke kabisa. Mpe jirani mwenye ng'ombe afunge ng'ombe wake chini ya minazi, wanakula majani wanakuachia mbolea, na yeye atakushukuru. Mbuzi hapana. Hasa wasisogee kwenye michungwa, wanatafuna maganda ya mti.

Zile ekari mbili za pori ndo uite trekta la kukodi, lije mara moja masika yakiisha na ardhi imekauka kidogo, si Aprili linakwama hapo mnaanza kutafuta trekta la kuvuta trekta. Lakini kwanza mjomba atembeze watu na panga watafute visiki wavitie alama.

Dada wa Chumbageni:

Shikamoo mzee wangu, na kaka asante sana, nimecheka na hao kuku mpaka mume akaja kuuliza kuna nini.

Nimempigia mjomba nikamuulizia visiki. Akanyamaza kwanza. Kumbe anajua fika, akasema kwenye yale ya pori tu vipo vingi, kuna na shimo la chokaa la zamani ambalo hajawahi kutuambia. Sasa fikiria mashine ya pauni 900 imetumbukia humo na mtoto wa watu juu yake.

Jirani mwenye ng'ombe yupo, anao wanne, mjomba atamuona baada ya Ijumaa. Brashikata nitanunua mbili, sema nauliza mzee, ninunue huku nitume au hapo Tanga mjini? Maana kama spea zake haziko barabara ya kumi na ngapi huko bora ninunue hapo hapo. Mume kanuna kidogo, alishaanza kuangalia rangi ya Massey, nimemwambia tukistaafu.

Mzee wa Raskazone:

Marahaba binti. Nunua hapa, na kabla hujalipa muulize mwenye duka akuonyeshe kabureta, plagi na ile kamba ya kuwashia, siyo akwambie zipo, akuonyeshe kwa macho. Akianza kupiga simu ghalani nenda duka la pili. Kama una mpwa huku wa kuzitumia, aje kwangu Jumamosi akipenda, nitamfundisha na kuchanganya mafuta.

Dada wa Chumbageni:

Atakuja inshallah, nitampa namba yako pembeni. Yule bwana wa kazini nimeshamwambia mashine yake abaki nayo. Sasa nafasi kwenye kontena la shemeji iko wazi na nilishailipia nusu, kuna mtu ana magodoro?