YULE MWENYE FILIMBI AMEMWITA MAMA YANGU MZIGO, TENA BAGAMOYO!

Mwana wa Bunkeya

Naandika nikiwa Tunduma, kwenye foleni ya kugonga muhuri, simu inakaribia kuzima na mikono bado inatetemeka. Jina lake sitaandika. Hakuna haja, nyote mnamjua. Yule mwenye filimbi. Yule anayevaa koti la ngozi hata Dar es Salaam, kwenye joto ambalo hata mbuzi anatafuta feni. Yule anayebeba watu wa Lubumbashi kwenda kununua bidhaa Kariakoo, halafu Jumapili anawauzia "matembezi ya historia". Kama umewahi kupigiwa filimbi ukiwa chooni, ndiye huyo huyo. Sasa hivi yuko mita tano mbele yangu, anafyonza chungwa.

Amemwita mama yangu mzigo.

Angemwita hivyo sokoni, ningenyamaza. Angemwita hivyo kwenye basi, ningesema ni uchovu wa njia. Amemwita hivyo Bagamoyo! Ndani ya ua wa Caravanserai! Mbele ya watu!

Mama ana miaka 71. Ni Muyeke wa Bunkeya, mji wa mfalme wetu wa zamani kule Katanga, Kongo. Tangu mtoto alisikia kwa kambo yake (kwetu kambo ni babu au bibi) kwamba wale waliomuua mfalme huyo, Mwami Msiri, tarehe 20 Desemba 1891, walitoka mbali sana upande wa bahari, kwa miguu, na msururu wa wapagazi. Amezeeka na neno moja mdomoni: "Kabla sijafa nitaona mahali walipoanzia." Na Msiri mwenyewe alikuwa mtu wa Unyamwezi, watu wake ndio walioijua njia ile ya pwani kwa nyayo zao, na meno ya ndovu, na shaba yetu, na watu pia, maana na watu waliuzwa, mama hafichi hilo. Nimeweka pesa miaka miwili. Miwili! Mama alinunua kikwembe kipya cha siku hiyo moja. Jumapili saa kumi ya alfajiri alikuwa amevaa tayari, amekaa kitandani, anangoja kama bibi harusi.

Kutoka Dar ni kama kilomita 70. Huyu bwana alikataa kulipa mtembezaji wa pale. Ati Bagamoyo anaijua kuliko waliozaliwa Bagamoyo. Tulipofika Misheni akatuonyesha ule mnara wa kanisa la zamani, akasema Livingstone amezikwa humo. UONGO! Kaburi lake liko London. Alifia kwa Chitambo mwaka 1873, si mbali na Serenje, njia hii hii ya basi letu. Akina Chuma na Susi, watumishi wake, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi mingi mpaka Bagamoyo, ukalazwa pale Misheni Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Watu waliobeba maiti kutoka Zambia hadi bahari, wewe unawafuta kwa sentensi moja na chungwa mkononi?

Mama alitaka kupiga magoti. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, wakakomboa watumwa, wakawajengea kijiji. Watu wa huku kwetu bara walikuwemo humo, waliofika pwani wakiwa na kamba shingoni. Mama amekunja goti moja. Filimbi! Tukaenda kwenye mbuyu ule mkubwa, wenye mnyororo uliomezwa na gamba. Mama ameweka kiganja juu ya mnyororo. Filimbi! Mahali Wajerumani waliponyonga watu tulipaona dirishani, basi likiwa linakwenda. Dirishani! Mtu ananyongwa kwa ajili ya nchi yake, wewe unampa sekunde nne na kioo chenye vumbi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Tumeingia Caravanserai. Ni ule ua ambao misafara ya bara ilikuwa ikifika, watu wanatua mizigo, wanalala. Kijana wa mlangoni ana adabu kweli. Amemwambia mama, "Shikamoo bibi." Mama hajui hizo shikamoo za Tanzania, amejibu, "Jambo, mwanangu," wakacheka wote wawili, ilikuwa kitu kizuri. Kijana akauliza, "Wageni mmetoka wapi?" Kabla hatujafungua mdomo, yule akapita katikati, akatuhesabu vichwa kwa kidole, akamgusa mama begani wa mwisho, akasema kwa sauti ya kuuzia nyanya:

"Andika mizigo ishirini na miwili ya Katanga. Bagamoyo furahini, mizigo imerudi yenyewe!"

Akacheka. Akapiga filimbi.

MIZIGO IMERUDI YENYEWE. Pale! Mahali mpagazi alikuwa anatua karibu kilo 30 kichwani baada ya kutembea miezi! Mahali mwenye kufa njiani aliachwa njiani na mzigo wake ukapewa mwingine! Yule kijana wa mlangoni, ambaye si wa kwetu, aliangalia chini kwa aibu. Mtanzania ameona aibu, na yule aliyezaliwa Kamalondo, mtaa wa kwetu Lubumbashi, anacheka!

Nilimwambia, papa, huyu ni mama yangu, omba radhi. Akanijibu, "Petit," yaani mdogo, "ni mchezo." Mchezo wa nani? Mama aliketi kwenye ngazi, akafunga ncha ya kikwembe, akafungua, akafunga. Hakutaka kuona picha hata moja. Zile picha za wapagazi alizozisubiri maisha yake yote, zilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Hakuzitazama. Tangu Jumapili hajasema neno. Si Morogoro, si Iringa, si Mbeya. Nimemnunulia samaki, hapana. Nimemnunulia chai, hapana. Leo ni Jumanne.

Mizigo imerudi yenyewe. Mtu huyu asipande tena na mama wa mtu. Nimemaliza.

Mama Kamalondo

Pole sana mwanangu. Na tafadhali, sisi Kamalondo tusiwekwe humo, alihama zamani. Mimi mwaka jana aliniandika namba 9 kwa kalamu nyeusi juu ya kitambaa cha kichwa. Kitambaa cha kichwa! Nimefua na sabuni zote za soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi, ile 9 bado inaniangalia.

Fundi Katuba

Ule papa tunamuyua bote. Miye alinipigia filimbi nikiwa naoga Morogoro, nikatoka na povu mpaka ndani ya basi. Povu ilikauka Iringa.

Ruashi Kwetu

Mwana wa Bunkeya, uzi wote huu juu ya neno moja? Mama alikuwa na mafurushi mangapi ya kurudi nayo? Sema ukweli.

Mwana wa Bunkeya

Furushi moja. Na halihusiani. Angekuwa na mafurushi mia, ni mama yangu.

Ruashi Kwetu

Furushi moja kutoka Kariakoo? Njo ile unalilia, basi. Hamukununua kitu.

Mwalimu Kasapa

Tusimtetee huyo bwana, lakini jina lenyewe la Bagamoyo wanalieleza hivyo: bwaga moyo, tua mzigo, upumzike. Labda alitaka kucheza na maneno.

Kambo Panda

Mwalimu, hayo ni maelezo ya waliokuwa wanarudi nyumbani. Wengine wanaeleza kwamba mtumwa alipoiona bahari aliubwaga moyo wake pale pale, maana alijua harudi tena kwao. Mama ya huyu kijana ni wa upande huo wa pili. Huwezi kucheza na neno ambalo mwenzako alifia.

Mwalimu Kasapa

Nimekubali, mzee wangu. Lakini kosa la Livingstone ndilo kubwa zaidi kwangu. Mtu anachukua pesa kwa historia, halafu anazika watu mahali hawakuzikwa!

Mwana wa Bunkeya

Mwalimu, si kubwa zaidi! MIZIGO IMERUDI YENYEWE ndilo kubwa zaidi! Livingstone hana mtoto kwenye foleni hii!

Bibi Kenya

Afadhali yenu Bagamoyo. Sisi alitupeleka Zanzibar, Mkunazini, kwenye lile kanisa la Waanglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa. Soko lile lilifungwa 1873. Ndani kuna msalaba wa mbao ya ule mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, nililia kuuona. Nje kuna shimo na sanamu za watu watano, wamefungwa shingo kwa mnyororo wa kweli. Watu wamenyamaza kama msibani. Yeye akasimama ukingoni akapiga picha na vidole viwili juu! Halafu tukapewa dakika kumi, lakini saa nzima kwa muuza marashi, kwa sababu pale anapata kitu chake.

Fundi Katuba

Dada, hiyo ya marashi naiyua. Chupa niliyonunua ilikuwa maji na rangi. Bibi yangu alinusa akauliza kama nimekunywa dawa ya kikohozi.

Bibi Kenya

Na boti? Hakuna aliyetuambia bahari inarusha vile. Nilitapika mpaka majina ya mababu.

Golf Plateau

Nyinyi mnaenda mbali kutukanwa na kulipia. Ni wangapi hapa wameingia jumba la makumbusho letu la Lubumbashi? Misalaba ya shaba iko pale, pesa ya mababu zetu kabla ya franka, hakuna wa kukupigia filimbi. Nilikuwa pale Jumamosi, tulikuwa wageni watatu, na mmoja alikuwa anakimbia mvua.

Ruashi Kwetu

Tukija utatulipia taksi kutoka Ruashi? Weye uko mtu wa Golf, kwako kila kitu ni karibu.

Golf Plateau

Taksi na makumbusho vinahusiana nini?

Papa Kipushi

Bei ndiyo mambo, hamuisemi! Kule pwani nimeongea na mtu wa tiketi Kiswahili safi tangu mlangoni, dakika tano nzima, tumecheka, ameniita ndugu. Kufika kwenye kulipa, bei ya mgeni! Undugu uliishia kwenye risiti.

Mama Kamalondo

Papa, alisikia unasema "njo vile" badala ya "ndivyo". Kule husemi "njo vile".

Papa Kipushi

Nisemeje, mama? Nimezaliwa nayo.

Mwana wa Bunkeya

Jamani, tusipotee. Nauliza kitu kimoja. Kuna mtu yeyote hapa amewahi kumsikia akiomba radhi? Hata mara moja? Alimgusa mama begani akasema mizigo. Begani! Kama mtu anayekagua gunia la mahindi!

Kambo Panda

Kijana, tukifika nitakwenda naye mimi kwa mama yako, na mbuzi mkononi. Mtu mzima huombwa radhi mbele ya wazee, si kwenye simu.

Fundi Katuba

Mbuzi wa nani, kambo? Ule papa hata chungwa hagawi.

Dereva Kasumbalesa

Mnalia juu ya filimbi, miye niko na lori hapa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, siku ya sita. Siku ya sita! Mbele yangu kuna msururu, mwisho wake sijauona. Jirani yangu wa foleni amefungua kiosko, anauza mayai. Hiyo ndiyo misafara ya leo, andikeni uzi wake.

Papa Kipushi

Kasumbalesa tena! Huko waliniambia karatasi moja imekosa, nikarudi Lubumbashi kuitafuta, nikarudi nayo, wakasema hawaihitaji.

Dereva Kasumbalesa

Njo vile. Halafu mtu wa parkingi anakuja kila asubuhi na daftari, anataka pesa ya kusimama. Nimesimama kwa sababu yake!

Bibi Kenya

Na choo cha pale, Mungu wangu.

Ruashi Kwetu

Choo cha Kasumbalesa ni hoteli. Umeona cha Kapiri Mposhi?

Golf Plateau

Narudia: makumbusho, Lubumbashi, hakuna mpaka wa kuvuka.

Mwana wa Bunkeya

Tumevuka, tuko Nakonde. Mama amesema neno. Ameomba maji.

Mama Kamalondo

Asante Mungu. Mwambie tunamsalimia wote.

Fundi Katuba

Maji ya hapo, angalia kizibo kwanza kama kimefunguliwa! Mwezi wa tatu niliuziwa chupa hapo hapo Nakonde, nimekunywa nusu, chini kulikuwa na mchanga.

Papa Kipushi

Mchanga ni afadhali. Yangu ilikuwa na mfuniko wa soda.

Dereva Kasumbalesa

Nani yuko njiani anakuja huku? Aniletee mkate. Mayai ya jirani yamepanda bei.