Wazee wa ushirika wanataka niwe mshika fedha wao, nikubali?

Mkulima_Wete24: Assalaam aleykum wakubwa kwa wadogo. Mie kijana wa miaka 24, Wete vijijini. Kuna ushirika wa mboga hapa kwetu, wanachama 22, wengi rika la wazazi wangu. Tunalima nyanya, biringani na pilipili boga. Kikao cha juzi wazee wamenipendekeza niwe mshika fedha, na mie sina hata mwaka tangu nijiunge. Usingizi siupati. Nikubali au nikatae?

Bi_Shungi: Waaleykum salaam mwanangu. Hiyo ni amana, usiichukulie mchezo. Mie mwaka wa kumi na nne huu niko kwenye kikundi cha mwani. Mshika fedha wetu wa kwanza alikuwa na daftari moja, hilo hilo la kikundi, hilo hilo la duka lake. Hakuiba, masikini, alichanganya tu, lakini siku ya kugawana hakuna aliyejua kilo ngapi za nani. Na enzi hizo mwani mnene bado unaota, ndio wenye bei. Sasa maji ya moto, unaoza kwenye kamba, tumebaki na ule mwembamba. Nimesahau nilikuwa nasema nini. Nunua daftari lako.

Fundi_Baiskeli: Wazee 22 na kijana mmoja mwenye simu nzuri. Hongera, umepata kazi ya kupiga picha risiti.

Yakhe_wa_Konde: Wazee hawamkabidhi mtoto kisanduku cha pesa bure bure. Kuna jambo hujalisema.

Mkulima_Wete24: Kuna mradi, ndiyo. Wanaleta pampu na mipira ya umwagiliaji wa matone. Sharti lao ushirika uwe na shamba kwa maandishi, miaka isiyopungua mitano. Hilo lishapatikana, si tatizo.

Yakhe_wa_Konde: La nani?

Mkulima_Wete24: Letu. Eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi. Marehemu baba alikuwa akizilima, mie nimeendeleza.

Yakhe_wa_Konde: Na "lishapatikana" maana yake ushatia saini?

Mkulima_Wete24: Mwezi uliopita. Lakini jamani, swali langu ni la ushika fedha.

Bi_Shungi: Umezaliwa peke yako?

Mkulima_Wete24: Mama yupo na anajua. Dada zangu wawili wako Dar, hawajashika jembe tangu wamalize skuli. Shamba lilikuwa pori, mie ndiye niliyeling'oa visiki. Nikingoja kila mtu aitikie, pampu itakwenda kijiji chengine.

Mstaafu_wa_Ardhi: Kijana, ardhi yote Zanzibar ni ya Serikali. Kwenye eka tatu hizo nyinyi mna haki ya kutumia, huwezi kuziuza, na haki yenyewe si yako peke yako. Fuata mirathi uone. Mama ana thumni yake, yaani moja ya nane. Kinachobaki mafungu manne, mawili yako, moja moja la dada zako. Unatoka na saba katika kumi na sita. Hata nusu hujafika, na umeshawaandikia watu shamba zima! Miti je, imo?

Mkulima_Wete24: Mikarafuu 11. Haikatwi, tumekubaliana. Ami zangu huja wenyewe kuichuma msimu ukifika.

Mstaafu_wa_Ardhi: Kumbe wako na ami, nao ni warithi wa babu. Basi hesabu yangu ifuteni.

Fundi_Baiskeli: Tukingoja hadi Magharibi atatokea na bibi.

Chachandu: Nyie mnajibu hewa. Huyu si Mpemba! Mpemba gani analima "nyanya"? Kwetu ni tungule. Hadithi hii imetungwa na mtu wa bara aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Fundi_Baiskeli: Haswa. Nilishtuka pale pale mwanzo nikanyamaza.

Bi_Shungi: Msimuonee. Wangu amesoma bara, siku ya kwanza kurudi kaniomba viazi. Nikamchemshia viazi, kanuna. Kumbe anataka mbatata.

Mkulima_Wete24: Nimekaa Morogoro miaka mitatu nasomea kilimo, ulimi umebadilika. Tungule basi. Mmeridhika?

Chachandu: Bado. Tungule inaiva, kitako cheusi, kimebonyea. Unapiga dawa gani?

Mkulima_Wete24: Hupigi dawa, hakuna mdudu hapo. Ni kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi sababu ni maji: leo unamwagilia mpaka tuta linaelea, kisha siku tatu huonekani. Ndio maana hiyo mipira ya matone naililia. Msimu uliopita tumetupa karibu nusu, na ndoo tunabeba kichwani. Ungeniambia majani yana madoa yaliyochimbwa ndani na tunda lina vitundu, ningekwambia ni mdudu, kantangaze, na hiyo ni habari nyengine.

Chachandu: Haya, mkulima wewe, niwie radhi. Nyanya bado siikubali.

Yakhe_wa_Konde: Turudi. Hawakukutaka kwa hisabati, yakhe. Dada zako wakija kudai, watamkuta nani mezani? Ndugu yao, na muhuri mkononi. Wazee watakuwa kivulini wanakunywa kahawa.

Mkulima_Wete24: Mwenyekiti hana roho hiyo. Ananichukulia kama mwanawe.

Fundi_Baiskeli: Ana binti?

Mkulima_Wete24: Hilo halihusiani.

Bi_Shungi: Eeeh! Kumbe!

Mstaafu_wa_Ardhi: Binti mwacheni. Karatasi iandikwe upya, warithi wote watie saini mbele ya sheha, ami nao wamo, na mikarafuu itajwe mbali, maana huku mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mradi wa kweli utasubiri wiki mbili.

Mkulima_Wete24: Pampu ishafika bandarini Mkoani. Kikao kesho baada ya Isha. Dada mkubwa nimempigia mara mbili, simu inaita tu.

Bi_Shungi: Mtumie sauti. Na usianze na habari ya pampu, anza na mama.

Chachandu: Na kwa kuwa yuko Dar, huyo mwambie nyanya.